Tafakari ya Juma: Mchumba wa Mgonjwa Aliyelala



Juma lililopita, Misa za Noeli zilipokwisha na pango kubaki kanisani pamoja na yule kondoo wake aliyevunjika sikio, vijana wetu wa VIWAWA walituomba ufunguo wa ukumbi wa parokia ili watazame filamu. Tuliwapa kwa sharti moja, kwamba nasi tukae viti vya nyuma. Wengine walidhani tunakwenda kuwachunga. Ukweli ni kwamba filamu waliyoichagua tulikuwa tunaifahamu tangu zamani, tulipoitazama kwa mara ya kwanza katika mkanda wa video uliochakaa kiasi kwamba kila uso ulikuwa na mistari, nasi tulitamani kuiona tena.

Filamu yenyewe ni While You Were Sleeping, iliyoongozwa na Jon Turteltaub, na mhusika mkuu anaigizwa na Sandra Bullock. Ni hadithi ya mapenzi na vichekesho inayoanza siku ya Noeli yenyewe, ingawa kwa sababu wanazozijua wafanyabiashara wa sinema ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 21 Aprili 1995, yaani Ijumaa ya Oktava ya Pasaka. Theluji na miti ya Noeli katikati ya Aleluya! Tunawasamehe.

Ilipokwisha, binti mmoja wa kwaya alisimama akauliza mbele ya wenzake, “Baba Paroko, je, Lucy ametenda dhambi?” Tulijibu upesi kwamba amesema uongo, na anayetaka kujua zaidi akasome Amri ya Nane. Vijana walicheka, viti vikapangwa, taa zikazimwa. Usiku ule hatukupata usingizi mzuri, na tafakari hii imetokana na usiku huo.

Kwa wale ambao hawajaiona, tueleze kwa ufupi. Lucy ni msichana wa Chicago anayeuza sarafu za nauli katika kibanda cha stesheni ya treni, zile treni za mji huo zinazopita juu ya nguzo za chuma katikati ya majengo. (Sarafu hizo hazitumiki tena; ziliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo filamu imekuwa pia kumbukumbu ya kazi iliyopotea.) Mama yake alikufa zamani, na baba yake amefariki baada ya kuugua. Siku ya Noeli msimamizi wake anamwomba afanye kazi, kwa kuwa wenzake wote wana familia, naye hana. Kila asubuhi hupita mbele ya kibanda chake kijana mmoja mwanasheria, Peter, aliyevaa koti zuri. Lucy anampenda kwa mbali, wala hawajawahi kuzungumza. Siku hiyo ya Noeli wahuni wanamsukuma Peter hata anaanguka relini, treni inakuja, na Lucy anaruka chini na kumwokoa. Peter anapelekwa hospitali akiwa hana fahamu. Lucy anapomfuata, anaambiwa kwamba wanaoruhusiwa kuingia ni familia tu. Anajisemea peke yake kwamba alikuwa amekusudia kuolewa na mtu huyo. Muuguzi anasikia, naye kwa wema wake anamwingiza wodini kama mchumba wa mgonjwa. Mara familia ya Peter inafika, akina Callaghan, wanamkuta pale, wanaambiwa huyu ni mchumba wake na ndiye aliyemwokoa, nao wanamkumbatia.

Hapo ndipo ilipo sekunde moja ambayo filamu nzima imesimama juu yake. Lucy anafumbua kinywa ili aseme ukweli. Anaelezwa kwamba bibi wa familia ana ugonjwa wa moyo na asishtuliwe. Anafumba kinywa. Ukiangalia vizuri, uongo wake mkubwa hakuutamka. Aliwaacha watu waamini tu.

Tuseme kwanza yale yanayoifanya filamu hii ipendeze, maana ni mengi. La kwanza kwetu ni meza ya akina Callaghan. Wamekaa kula chakula cha sikukuu, na kila mmoja anazungumza habari zake: huyu anasifu viazi, yule anazungumzia urefu wa waigizaji, mwingine anajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Hawasikilizani, na bado wanaelewana. Nani kati yetu hajakaa katika meza kama hiyo? Lucy anageuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mpira, na usoni mwake kuna furaha ya mtu aliyekaa muda mrefu akila peke yake. Hakuna maneno mazito, hakuna muziki wa kulazimisha machozi. Ni viazi tu. Tumesoma vitabu vya kichungaji kuhusu familia ambavyo havikutufundisha kiasi kile.

La pili, familia hii husali. Wanakwenda Misa wote pamoja, na ndani ya kanisa mmoja wao ananong'ona kwamba Misa ilikuwa nzuri zaidi kwa Kilatini, kwa kuwa mtu alikuwa haelewi kinachosemwa. Vijana walicheka sana. Nasi tulicheka, ila kwa maumivu kidogo, tukizikumbuka homilia zetu.

La tatu ni Jack, mdogo wa Peter. Anafanya kazi na baba yake ya kununua samani zilizoachwa na marehemu na kuziuza tena, lakini moyoni anataka kutengeneza samani zake mwenyewe, naye hana ujasiri wa kumwambia mzee. Kwa hiyo Lucy si peke yake anayeficha jambo katika nyumba ile. Jack anamshuku Lucy tangu mwanzo, kisha anampenda, na mapenzi yao yanakua kwa kutembea na kuzungumza, kuteleza juu ya barafu na kushikiliana wasianguke. Lucy ana hati ya kusafiria isiyo na muhuri hata mmoja, na ndoto yake ni kufika Florence. Jack anampa tufe dogo la kioo, ndani yake mji wa Florence na theluji inayoanguka. Katika filamu za miaka hii, ambamo watu hujuana usiku mmoja, staha ya namna hiyo ni ya kushukuriwa.

Lakini turudi pale mlangoni mwa wodi, kwa sababu tumelifikiria sana neno ambalo Lucy hakuwa nalo. Katika hospitali zetu mlinzi naye huuliza, “Wewe ni nani wa mgonjwa?” nasi sote tunalijua jibu: “Ni ndugu yangu.” Hakuna anayedai cheti. Jirani ni ndugu, mwanajumuiya ni ndugu, mtu tuliyesafiri naye basi moja hata likapinduka ni ndugu, na padre akisimama altareni huanza kwa kuwaita watu elfu moja asiowajua majina “ndugu wapendwa”. Kwa Kiswahili, msichana aliyeruka relini kumwokoa mtu angeingia wodini kwa neno moja bila kusema uongo. Kwao ilimbidi awe ama mke, ama mchumba, ama mtu baki. Tuliwaambia vijana jambo hili nao walifurahi. Baadaye tukaona kwamba tumejisifu mapema. Neno “ndugu” lingemfikisha Lucy kitandani pa mgonjwa, lisingemfikisha mezani penye viazi. Yeye alitaka kuketi pale mezani. Hata katika parokia zetu wapo watu tunaowaita ndugu kila Jumapili ambao siku ya Noeli walikula peke yao.

Sasa kasoro. Nyingine ni ndogo. Kijana wa mwenye nyumba, Joe, anayemtaka Lucy, anachekwa tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu ya mavazi yake na maringo yake. Filamu inayouhurumia upweke wa Lucy inaucheka upweke wa Joe, kana kwamba upweke wa mtu asiyevutia si upweke. Pia ni Noeli isiyo na Mtoto: kuna miti, zawadi, theluji na Misa, lakini pango hakuna anayelitazama. Hilo hatulilalamikii sana. Hollywood haikuwekewa mikono kuhubiri.

Kasoro inayotusumbua ni namna filamu inavyomtendea mgonjwa mwenyewe. Peter anapopata fahamu, anawatambua wazazi wake, anamtambua ndugu yake, anamtambua kila mtu isipokuwa Lucy. Naye yuko sahihi! Ndiye mtu pekee chumbani anayesema ukweli mtupu. Lakini familia, bila nia mbaya, inaamua kwamba amepoteza sehemu ya kumbukumbu zake. Mtu aliyetoka usingizini hivi punde anaambiwa kwamba akili yake ndiyo yenye kasoro, na Lucy yupo, anasikia, ananyamaza. Halafu Saul, baba wa ubatizo wa Peter, mzee anayeujua ukweli tangu mapema kwa sababu alimsikia Lucy akiungama kando ya kitanda, anamwendea mgonjwa na kumsifia Lucy hata Peter anaamua kumwoa mchumba asiyemkumbuka. Baba wa ubatizo! Wazazi wa ubatizo wanaosoma ukurasa huu watusamehe, lakini huyu angeitwa ofisini kwetu. Filamu inayapitia haya yote kwa kicheko na muziki mwepesi, kwa kuwa Peter ni mtu wa majivuno na hatumwonei huruma. Kama angekuwa mtu mwema tusingecheka.

Ndiyo maana hatukulala. Sisi wenyewe tuliwahi kusimama mahali pa Lucy.

Ilikuwa mwaka wa pili wa upadre wetu. Tuliitwa hospitali kumpa Mpako wa Wagonjwa mama mmoja mzee ambaye macho yake yalikuwa karibu kuzimika. Binti zake walikuwepo. Mwanawe wa mwisho alikuwa akifanya kazi mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na mama alikuwa akimtaja kila alipoamka, maana waliachana kwa ugomvi juu ya ng'ombe aliyeuzwa bila idhini yake. Tulipoingia, alisikia sauti ya mwanamume, akanyoosha mkono, akatuita kwa jina la mwanawe. Jambo hili halikuwa ndani ya Kitubio; kama lingekuwa, tusingeandika hata herufi moja. Alitushika mkono, akauliza kama tumefika salama. Binti mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, akatutazama, akainamisha kichwa kana kwamba anatuomba. Tukaitika, “Naam, mama.”

Akasema, “Ng'ombe si kitu, mwanangu.” Alilisema mara mbili. Kisha akatulia, nasi tukaendelea na ibada, naye akapokea Mpako kwa amani ambayo hatujaiona mara nyingi. Tulirudi parokiani tukimshukuru Mungu, na tukiri, tukijipongeza kidogo.

Mama yule aliishi siku tano zaidi. Kila aliyekuja kumwona alimwambia kwamba mwanawe amefika, wamepatana. Hakumwita tena. Na kwa kuwa hakumwita tena, binti zake, ambao walikuwa wamepanga kumpigia simu kaka yao jioni ile ile aje upesi, waliona hakuna haja ya kumtia hofu na gharama. Alipigiwa siku ya kifo. Alifika kwenye mazishi akiwa na vumbi la njiani, akatupa mkono wa shukrani kwa kumhudumia mama yake. Tuliupokea mkono ule, hatukusema lolote.

Tulikaa nalo miaka miwili. Tulijiambia kwamba tunailinda heshima ya dada zake, tukajiambia pia kwamba tunamwepusha na uchungu. Mwishowe tulimwita ofisini tukamweleza, kwa sababu maneno yale ya mama yake yalikuwa mali yake, nasi tulikuwa tumekaa nayo kama mtu anayekaa na barua ya mwenzake. Alisikiliza bila kuinua macho. Tulipomaliza aliuliza ni siku ngapi zilikuwa zimebaki. Tukamwambia tano. Akahesabu kwa vidole: siku mbili za basi, labda tatu kwa sababu ya mvua.

“Baba,” akasema, “mngenipigia simu.”

Mwana huyo ni rafiki yetu hadi leo, naye ndiye aliyeturuhusu kuandika haya. Lakini tunapomtazama Lucy akiwa amekaa kwenye kiti cha mchumba, tunakumbuka kwamba kiti hicho kina mwenyewe. Katika filamu mwenyewe yupo kweli, mwanamke aitwaye Ashley, aliyeposwa na Peter kabla ya ajali, na anapotokea anatumiwa kwa kicheko. Waandishi wanajua kwamba uongo wa faraja huchukua nafasi ya mtu, ila wamehakikisha kwamba mtu huyo hana thamani kubwa machoni petu, ili tusiuhesabu gharama yake. Hapa ndipo tunapoilaumu. Hatuilaumu kwa kumfanya Lucy anyamaze, maana mpweke akipewa familia kwa bahati mbaya asipojua namna ya kuirudisha, tunamwelewa. Tunailaumu kwa sababu katika hadithi hii hakuna anayezihesabu siku zilizopotea kwa vidole vyake.

Hata hivyo filamu ina tendo moja la haki, nalo ni kubwa. Harusi ya Lucy na Peter inapangwa haraka katika kikanisa cha hospitali. Tukiwa maparoko, tulikuna kichwa: matangazo yako wapi, vyeti vya ubatizo viko wapi, mafundisho ya ndoa yalifanyika lini? Kanuni ya 1069 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka waamini wote wanaojua kizuizi cha ndoa wakifichue kwa paroko au kwa Askofu wa mahali kabla ya ndoa kufungwa, na Kanuni ya 1098 inasema kwamba ni batili ndoa ya mtu aliyeridhia kwa kudanganywa kwa hila, ili apatikane, juu ya sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake yaweza kuvuruga vibaya maisha yao ya ndoa. Watu hudhani kwamba yale matangazo ya Jumapili tatu ni urasimu wa karani wa parokia. Yamewekwa kwa ajili ya akina Peter wa dunia hii.

Na nani anasimama kuipinga ndoa? Bibi harusi mwenyewe. Ibada ndiyo kwanza inaanza, mhudumu hajafika penye maneno ya kuwauliza watu kama kuna pingamizi, na Lucy anasema yeye anapinga. Kisha anaeleza yote mbele ya wote, pamoja na yule bibi mwenye ugonjwa wa moyo ambaye kwa ajili yake ukweli ulifichwa, naye bibi hafi. (Mara ngapi tumenyamaza kwa kisingizio cha moyo wa bibi, kumbe bibi ana nguvu kuliko sisi!) Lucy anawaambia kwamba alikuwa mtu wa peke yake, ghafla akawa mchumba, binti, mjukuu, dada na rafiki, na kwamba aliwapenda wote, nao hawezi kuwadanganya tena. Hana hakika ya kusamehewa. Anawaacha pale wakiwa kimya, anatoka na gauni lake.

Ni kweli kwamba baada ya muda mfupi Jack na familia yake wanakuja kibandani, na pete inapita katika tundu lile la sarafu za nauli, na safari ya Florence inapatikana. Vijana walipiga makofi, nasi tulipiga. Msamaha ule umekuja upesi mno kwa kipimo cha maisha tunayoyaona ofisini. Lakini tulikumbuka kwamba Lucy alihitaji siku chache tu za Noeli kufikia lile ambalo sisi, wenye daraja takatifu, tulilifikia baada ya miaka miwili.

Jumapili ya Familia Takatifu, baada ya Misa ya pili, tulimwita yule binti wa kwaya, tukamwambia kwamba jibu tulilompa ukumbini lilikuwa la haraka. Tulimsimulia habari za mama mzee na mwanawe. Alisikiliza akiwa amekumbatia kitabu chake cha nyimbo, kisha akauliza kama mama yule alikufa akiwa na furaha.

Tukamwambia ndiyo, alikufa akiwa na furaha.

“Basi, Baba, hapo ndipo penye ugumu,” akasema, akasimama kidogo kana kwamba ataongeza neno, kisha akawakimbilia wenzake waliokuwa wanamwita mazoezini.